Andrei Voronikhin: Mchoraji Aliyezaliwa Mtwana na Kanisa Lililoigeuzia Barabara Ubavu

Kwenye barabara ya Nevsky, mjini St. Petersburg, lipo Kanisa Kuu la Kazan, ambalo wageni wengi hulielewa kinyume. Nguzo 96 za mawe zimejipinda kwa nusu duara kuizunguka bustani, katikati yake imeinuka kuba, na mpita njia huamini kwamba yuko mbele ya mlango mkuu. Kumbe anatazama ubavu. Mlango mkuu uko magharibi, kwenye mtaa wa pembeni wenye watu wachache zaidi, na madhabahu iko mashariki. Fahari yote ile ya nguzo ilibuniwa kwa sababu moja: ubavu wa jengo upate hadhi ya uso.

Aliyeibuni ni Andrei Nikiforovich Voronikhin, aliyeishi kati ya mwaka 1759 na 1814. Maisha yake husimuliwa kama kisa cha mtu aliyezaliwa akiwa mali ya bwana wake, akapanda hadi kujenga kanisa kuu la mji mkuu wa dola. Kisa hicho ni cha kweli, tena kinagusa moyo. Ila kikisimuliwa peke yake kinafunika jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa kazi yake: Voronikhin alikuwa mchoraji kabla ya kuwa msanifu majengo, na cheo cha kwanza cha maana alichopewa na Akademia ya Sanaa kilikuwa cha uchoraji. Anayeyatazama majengo yake bila kukumbuka hilo hubaki akijiuliza kwa nini yamekaa yalivyokaa.

Mtwana wa akina Stroganov

Alizaliwa Novoye Usolye, katika eneo la Perm, karibu na milima ya Ural. Huko ndiko ukoo wa Stroganov ulikochuma utajiri wake kwa chumvi na baadaye kwa chuma, nao ulimiliki ardhi kubwa kupita kiasi pamoja na watu walioishi juu yake. Hao ndio watwana: wakulima, mafundi, makarani na wapishi ambao kisheria walikuwa wa bwana mwenye ardhi. Mtwana hakuweza kuhama kwa hiari yake, alihitaji idhini ya bwana ili aoe, na bwana aliweza kumuuza. Utaratibu huo ulidumu Urusi hadi mwaka 1861, karibu nusu karne baada ya Voronikhin kuzikwa.

Baba yake katika vitabu vya kanisa ni Nikifor Voronikhin, mtwana aliyefanya kazi katika ofisi ya mashamba ya akina Stroganov. Lakini tangu zamani zimekuwapo tetesi kwamba baba wa damu alikuwa baron Alexander Nikolayevich Stroganov, binamu wa kabaila mashuhuri Alexander Sergeyevich Stroganov. Wanaoshikilia tetesi hizo husema ndiyo sababu kijana huyu alipata malezi ambayo watwana wengine hawakuyaota. Huenda. Mimi sioni kwamba tunazihitaji ili tuelewe yaliyofuata. Mabwana wakubwa wa Urusi wa karne ya 18 walikuwa na desturi ya kuwasomesha watwana wenye vipaji wawe wachoraji, wanamuziki na waigizaji, kwa sababu nyumba yenye mafundi wake yenyewe ilikuwa fahari. Wengi wa mafundi hao walikufa wakiwa bado mali. Kinachomtofautisha Voronikhin ni kwamba yeye hakuachwa katika hali hiyo.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mchoraji wa ikoni, yaani picha takatifu za kanisani, Gavrila Yushkov, hukohuko Ural. Mwaka 1777 kabaila Alexander Sergeyevich alimpeleka Moscow, mji ambao wakati huo ulikuwa na wasanifu wawili wakubwa, Vasily Bazhenov na Matvei Kazakov. Aliyekwenda kusomea picha akaanza kuvutwa na majengo. Miaka miwili baadaye alihamia St. Petersburg, akakaa ndani ya jumba la kabaila lenyewe kwenye barabara ya Nevsky, si mbali na mahali ambapo baadaye angejenga kanisa lake.

Inafaa kumjua kabaila huyu, maana bila yeye hakuna Voronikhin. Alexander Sergeyevich Stroganov alikuwa miongoni mwa wakusanyaji wakubwa wa sanaa nchini Urusi: picha za Kiitalia na Kiholanzi, sarafu, mawe ya madini, vitabu. Kuanzia mwaka 1800 hadi kifo chake alikuwa rais wa Akademia ya Sanaa. Alimwacha mtwana wake aishi katikati ya hazina hiyo, na katikati ya miaka ya 1780 akampa hati ya uhuru.

Paris, na kijana aliyejiunga na Wajakobini

Kabaila alikuwa na mwana, Pavel, na Pavel alikuwa na mwalimu Mfaransa, Gilbert Romme, mtu wa hesabu na mwenye fikra kali za kisiasa. Voronikhin aliunganishwa nao. Kwanza walizunguka ndani ya Urusi, kisha kuanzia mwaka 1786 wakawa Uswisi na Ufaransa. Huko alijifunza usanifu, umekanika na hisabati.

Mwaka 1789 ulipofika walikuwa Paris, na mapinduzi yakalipuka mbele ya macho yao. Romme alijitosa. Pavel, kijana wa ukoo uliomiliki maelfu ya watu, alibadili jina akajiita Paul Otcher, akajiunga na klabu ya Wajakobini, wanamapinduzi wenye msimamo mkali. Habari zilipomfikia Malkia Catherine wa Pili, aliamuru kijana arudishwe nyumbani mara moja, na mwishoni mwa mwaka 1790 safari ile ya masomo ikakatika. Romme alibaki, akawa mmoja wa waliotunga kalenda ya jamhuri, na mwaka 1795 alijiua baada ya kuhukumiwa kifo.

Voronikhin hakuacha maneno mengi kuhusu siku hizo, nami sitamtilia mdomoni. Alichokiona kwa macho kinajulikana kwa sababu kilikuwa pale: Paris ilikuwa inakamilisha kanisa la Sainte-Geneviève, ambalo wanamapinduzi waliligeuza kuwa Panthéon, jengo kubwa la nguzo na kuba lililobuniwa na Jacques-Germain Soufflot. Huo ndio uliokuwa mtindo wa wakati. Kwa miongo kadhaa Ulaya ilikuwa imechoshwa na mapambo ya kujikunjakunja ya baroki, ikarudi kupima magofu ya Wagiriki na Warumi, hasa baada ya machimbo ya Pompeii kuanza mwaka 1748. Walitaka nguzo inayobeba kitu kweli, ukuta mtulivu, vipimo vinavyohusiana. Mtindo huo ndio tunaouita uklasiki mamboleo, na Catherine aliupenda kuliko baroki aliyoirithi.

Alijenga chumba, kisha akakichora

Aliporudi, kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ndani ya jumba la Stroganov lilelile. Jumba hilo lilijengwa miaka ya 1750 na Rastrelli, bingwa wa baroki. Voronikhin hakuugusa sana uso wa nje. Alibadili vyumba vya ndani, akatengeneza chumba cha mkusanyo wa madini na ukumbi wa picha wenye nguzo za Kiioni, mmoja wa mitindo ya Wagiriki wa kale.

Mwaka 1793 aliuchora ukumbi huo kwa rangi za maji, na picha hiyo sasa iko katika jumba la makumbusho la Hermitage. Ningemshauri kila anayetaka kumwelewa aanze hapo. Ukumbi ni mrefu, picha zimejaa ukutani, nguzo zinakata nafasi sehemu kwa sehemu, na mwanga unaingia kutoka upande mmoja. Aliyebuni chumba na aliyekichora ni mtu mmoja, kwa hiyo picha hii inatuonyesha alichokikusudia: jicho la anayeingia litakwenda wapi kwanza, litapumzika wapi, nguzo ipi itaficha kitu ili hatua inayofuata ikifichue.

Aina hii ya uchoraji, wa kuonyesha kina cha nafasi kwa kanuni za mtazamo, ilikuwa fani kamili katika Akademia. Mchoraji alipaswa kujua namna mistari sambamba inavyokaribiana kadiri inavyokwenda mbali, namna safu ya nguzo zilizo sawa inavyoonekana kupungua, na namna kivuli kinavyoanguka juu ya kitu cha mviringo. Ni hisabati iliyovaa rangi. Mwaka 1797 Voronikhin alipewa cheo cha msomi wa Akademia katika uchoraji huo, kwa picha ya mafuta ya nyumba ya mapumziko ya Stroganov kando ya mto Neva. Nyumba hiyo aliibuni yeye mwenyewe. Nyumba imebomolewa zamani. Picha ipo katika Jumba la Makumbusho la Urusi, na ndiyo inayotuambia ilivyokuwa. Cheo cha msanifu majengo kilimjia baadaye, mwaka 1800.

Mashindano na fumbo la kiwanja

Mwaka huohuo wa 1800 ndipo lilipokuja jambo kubwa. Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Paul wa Kwanza alitaka kanisa jipya la kuhifadhi ikoni ya Mama wa Mungu wa Kazan, moja ya picha takatifu zinazoheshimiwa sana katika Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi. Alikuwa amezuru Roma ujanani, na alitaka mji wake upate kitu cha kukumbusha kanisa la Mtakatifu Petro na safu zake za nguzo. Walioleta michoro walikuwamo Charles Cameron, Mskoti aliyewahi kumjengea Catherine, Mfaransa Thomas de Thomon, na Mwitalia Pietro Gonzaga. Mchoro wa Cameron ulikubaliwa kwanza. Muda mfupi baadaye, kabla mwaka haujaisha, kazi ikahamishiwa kwa Voronikhin.

Ushawishi wa Stroganov ulifanya kazi, hakuna haja ya kuficha. Yeye ndiye aliyeongoza tume ya ujenzi. Lakini upendeleo unaweza kumpa mtu kazi, hauwezi kumtatulia fumbo la kiwanja, na kiwanja hiki kilikuwa na fumbo gumu.

Kanisa la Kiorthodoksi huelekeza madhabahu mashariki na mlango mkuu magharibi. Barabara ya Nevsky, hapo lilipotakiwa kanisa, inapita upande wa kaskazini, karibu sambamba na urefu wa jengo. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ataielewa shida hii haraka: msikiti hufuata kibla, mtaa upite utakavyopita. Wajenzi wa kawaida wangekubali kwamba barabara kuu ya mji itaonyeshwa ukuta mrefu wa pembeni. Kwa Tsar aliyetaka Roma ya kaskazini, hilo halikuwezekana.

Suluhisho la Voronikhin lilikuwa kuuacha mwili wa kanisa ulale kama dini inavyotaka, kisha kutoka ubavu wa kaskazini kufungua mikono miwili ya nguzo kuelekea barabarani. Kuba limekaa juu ya makutano ya msalaba wa jengo, kwa hiyo linaonekana katikati kutoka Nevsky kama vile linavyoonekana katikati kutoka ndani. Miisho ya mikono hiyo miwili ina milango mipana ya kupita, mmoja ukielekea mfereji na mwingine mtaa wa upande wa pili, ili nguzo zisiufungie mji njia.

Wapo wanaosema aliiga Roma tu. Sikubaliani nao. Bernini, aliyebuni nguzo za Mtakatifu Petro kule Roma, aliziweka mbele ya mlango mkuu, zikazunguka uwanja na kuukumbatia karibu pande zote. Ukiingia, mji unabaki nje. Nguzo za Kazan zimewekwa ubavuni na zimefunguka kabisa upande wa barabara. Mji unapita ndani yake. Bernini alifikiria umati uliosimama ukingoja baraka. Voronikhin alifikiria mtu anayetembea au anayepita kwa gari la farasi. Nguzo zimepangwa kwa safu nne juu ya mpindo, kwa hiyo kwa kila hatua nafasi za kati yake hufunguka na kufumba, mwanga huingia na kuzuiwa, na umbo zima hubadilika huku mtu akiendelea na safari yake. Hayo ni mahesabu ya mchoraji wa mtazamo, yaliyotolewa kwenye karatasi na kuwekwa barabarani.

Lipo jambo linalofaa kujulikana: tunachokiona leo ni nusu ya alichokusudia. Mchoro wake ulikuwa na safu nyingine ya nguzo upande wa kusini, kulingana na ile ya kaskazini. Haikujengwa kamwe. Ndiyo maana ukizunguka nyuma, ukuta wa kusini unaonekana kama mtu aliyevaa nusu ya nguo.

Mawe, chuma na mikono

Paul aliuawa Machi 1801. Jiwe la msingi likawekwa na mwanawe, Alexander wa Kwanza, mwaka huohuo, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1811. Miaka kumi si mingi kwa jengo ambalo kuba lake hufika mita 71 na zaidi.

Nje lilivikwa jiwe la Pudost, linalochimbwa karibu na Gatchina. Likitoka ardhini ni laini, hukatwa kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu hewani. Lina rangi ya manjano ya kijivu na vitundu vidogo vinavyoshika kivuli, na katika mji wenye mawingu mengi rangi hiyo ya joto husaidia sana. Ndani zimesimama nguzo 56 za matale ya Kifini, kila moja jiwe zima. Kuba lilijengwa kwa mifupa ya chuma, jambo lililokuwa geni wakati huo popote duniani, na kwa msanifu aliyesomea umekanika Ufaransa hilo halikuwa la kubahatisha. Milango ya shaba ya kaskazini ni nakala ya milango maarufu ya Lorenzo Ghiberti, mchongaji wa Kiitalia, iliyoko Florence, iliyosubuliwa na Vasily Yekimov. Sanamu zilichongwa na Ivan Martos, Stepan Pimenov na Vasily Demut-Malinovsky.

Stroganov alitaka kazi yote ifanywe na mafundi wa Urusi kwa vifaa vya ndani ya dola, na kwa kiasi kikubwa ikawa hivyo. Mmoja wao, Samson Sukhanov, aliyesimamia kazi ya mawe, alikuwa mtoto wa wakulima maskini. Lakini wengi wa waliochimba, waliokata na waliobeba walikuwa watwana walioruhusiwa na mabwana zao kwenda mjini kufanya kibarua, na sehemu ya ujira wao ilirudi kwa mabwana hao. Mtu aliyepata hati ya uhuru alijenga kwa mikono ya watu wasiokuwa nayo. Wasifu mwingi wa Voronikhin unalipita jambo hili upesi, nami naona ni kosa, kwa sababu uhuru wake ulikuwa zawadi ya bwana mmoja kwa mtu mmoja. Haukubadili chochote kwa waliobaki Usolye.

Uso kwa ajili ya mto

Wakati kanisa likiendelea, alijenga pia jengo la shule ya madini kwenye kisiwa cha Vasilyevsky, kati ya mwaka 1806 na 1811. Shule ilikuwa katika nyumba kadhaa za nyakati tofauti zilizosimama pamoja. Voronikhin aliziunganisha nyuma ya uso mmoja mrefu, na katikati akaweka baraza ya nguzo 12 za Kidori, nene, zisizo na madaha, za aina ya mahekalu ya Paestum kusini mwa Italia. Jengo linatazama mto Neva, mahali ambapo meli zilizotoka baharini zilianza kuingia mjini. Pembeni mwa ngazi kuna sanamu mbili: Pluto, mungu wa kuzimu, akimteka Proserpina, kazi ya Demut-Malinovsky, na Hercules akimnyonga Antaeus, jitu lililozaliwa na ardhi, kazi ya Pimenov. Zote mbili ni visa vya nguvu za ardhini, na humo ndani walisoma wachimba madini.

Linganisha nguzo hizi na zile za Kazan. Kule zilikuwa nyembamba, zenye vichwa vya majani ya Kikorintho, kwa watembeao karibu. Hapa ni nzito na fupi, kwa sababu mtazamaji yuko mbali, juu ya maji, na kitu chembamba kingepotea.

Alifanya mengi mengine. Safu za nguzo katika bustani ya Peterhof ni zake. Jumba la Pavlovsk lilipoungua mwaka 1803, yeye ndiye aliyelirudishia vyumba kwa ajili ya malkia mjane Maria Feodorovna. Huko alibuni chumba kidogo cha kusomea kinachoitwa Taa, chenye dirisha la nusu duara linalotokeza bustanini, mwaka 1807. Kwangu ni kazi yake ya upole kuliko zote. Jumba hilo liliungua tena mwaka 1944 katika vita na kujengwa upya. Alibuni pia viti, vinara, vyombo vya vioo na magudulia ya mawe ya thamani kutoka karakana za Ural. Mwaka 1801 alimwoa Mary Long, Mwingereza ambaye naye alikuwa mchoraji wa ramani za majengo.

Baada ya 1811

Kabaila Stroganov alifariki siku chache tu baada ya kanisa kuwekwa wakfu. Mwaka uliofuata Napoleon aliingia Urusi, na kanisa lililojengwa kwa ajili ya ikoni likageuka kumbukumbu ya vita. Jenerali Kutuzov, aliyeongoza jeshi la Urusi dhidi ya Napoleon, alizikwa humo mwaka 1813, juu yake zikatundikwa bendera na funguo za miji iliyotekwa, na kaburi likabuniwa na Voronikhin. Yeye mwenyewe alifariki mapema mwaka 1814, na kuzikwa katika monasteri ya Alexander Nevsky. Mwaka 1932 Wasovieti waliligeuza kanisa kuwa makumbusho ya historia ya dini na ukanamungu. Ibada zilianza tena katika miaka ya 1990, na leo ndilo kanisa kuu la jimbo la St. Petersburg.

Limebaki swali moja. Wapo watafiti waliodai kwamba wazo la kanisa hili lilitoka kwa Bazhenov, aliyefariki mwaka 1799, na kwamba Voronikhin alilichukua tu. Hoja yao husimama juu ya mfanano wa jumla na juu ya mshangao: iweje mtu ambaye hakuwa amejenga jengo kubwa hata moja abuni hili? Mshangao huo naona unatokana na kumsoma kama msanifu pekee na kusahau miaka yake ya brashi. Aliyetazama kwa makini picha ya ukumbi wa Stroganov ya mwaka 1793 amekwisha kuona nguzo zinazopokezana jicho, mwanga wa upande mmoja, na nafasi inayofunguka kwa hatua, miaka saba kabla ya mashindano. Na Bazhenov hakuishika brashi hiyo.